Wimbo wa Saba wa Zabibu Mbichi

Wasiwasi ulioninyima usingizi wiki yangu ya mwisho redioni ulikuwa huu: nikiipiga Zabibu Mbichi yote hewani, kutoka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kukata, nitakuwa nimeiaga kazi kwa heshima au nitakuwa nimewaharibia wenzangu? Niliugeuza wasiwasi huo kama chapati, upande huu na upande ule, mpaka ukaungua pande zote mbili.

Kwanza niwaeleze neno kustaafu, maana ninyi wapya mnaweza kuisoma hii mkidhani imeandikwa na mzee mwenye mvi. Nina miaka ishirini na tisa. Hapa kituoni, mtu yeyote anayekiacha kiti cha studio husemwa amestaafu, hata kama anahamia ofisi ya ng'ambo ya barabara. Anakatiwa keki, anafungwa kitenge mabegani, kisha anadaiwa kumbukumbu za kuwaachia wanaomfuata. Aliyenitangulia aliandika ukurasa mmoja, na nusu yake ilihusu mahali pa kuegesha pikipiki. Mimi nilisomea mipango miji. Nilikuja redioni kusubiri ajira ya fani yangu, nikaisubiri mpaka nikasahau kwamba nasubiri. Sasa imefika, nakwenda Kongwa kupanga viwanja, na kalamu ni zamu yangu.

Siku yangu ya kwanza nilifika mapema kupita kiasi, nikamkuta mlinzi peke yake, nikamsalimia kwa urefu ambao haukuwa na sababu. Mjue jambo hili kunihusu, kwa sababu kisa chote kinalitegemea: mimi ni mtu wa kuziba kimya. Ukinyamaza kidogo mbele yangu nitaanza kukueleza habari za shangazi yangu. Wengine walidhani ni kipaji cha utangazaji. Ilikuwa hofu tu, ila ilifaa kazini.

Aliyenipokea alikuwa Anko Shabir, fundi mitambo wetu, ambaye wapya mtamkuta bado yupo, Mungu akipenda. Familia yake iliuza redio na kanda za muziki hapa mjini tangu enzi za babu yake, mpaka watu walipoacha kununua kanda, kisha wakaacha kununua hata CD. Ni Mhindi wa Dodoma hasa. Kigogo chake kinawachekesha akina mama wa sokoni, na kinanishinda mimi niliyezaliwa na Wagogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanikabidhi brashi ndogo ya kupakia rangi. Nikadhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Kumbe ndicho kifaa cha kwanza cha kazi. Vumbi la Dodoma halina adabu; linaingia kwenye meza ya sauti hata madirisha yakifungwa, na lisipofagiliwa kila asubuhi, sauti ya mgeni wako itakwaruza kama ukoko wa ugali. Brashi iko kwenye droo ya kushoto. Msiitumie kwa kazi nyingine. Kuna mtu aliwahi kuipakia siagi kwenye mkate, na sitamtaja kwa sababu ameshakuwa mheshimiwa.

Baada ya brashi alinionyesha Babu. Babu ni kile kisanduku cheusi chenye taa ya kijani, kinachosikiliza kila tunachopeleka mnarani. Kikiona kimya kimezidi, kinaamini studio imezimika au mtangazaji amezirai, basi kinatuondoa hewani na kupiga rekodi yake chenyewe mpaka mtu aje akirudishe. Ndani ya Babu imo rekodi moja tu, ya watoto wa shule wakiimba kuhusu kunawa mikono. Fundi aliyemfunga Babu aliondoka na neno la siri, kwa hiyo rekodi haibadilishiki na Babu hazimiki, labda uzime na mnara wote. Niliuliza maswali mengi kuhusu Babu siku ile. Nilihisi tunaogopa kitu kimoja.

Mwisho wa siku Anko Shabir alinipa CD katika kasha lililopasuka, iliyobaki tangu duka lao lilipofungwa. "Hii haikuuzika," alisema. "Isikilize, halafu usiniambie kitu mpaka Ijumaa." Hiyo ndiyo ilikuwa Zabibu Mbichi ya Chiku Mlewa.

Mnamjua Chiku Mlewa wa harusini. Wimbo wake ukipigwa, mashangazi huweka mikoba chini na kamati ya harusi husahau ratiba. Lakini kabla ya huyo alikuwepo Chiku mwingine, binti wa miaka ishirini hivi, aliyerekodi nyimbo tisa katika chumba kimoja Chang'ombe, kuta zimebandikwa magodoro ili kelele za mtaa zisiingie. Karibu nusu ya nyimbo hizo ni za taratibu, za kusikiliza umekaa. Zilizobaki ni roki, katika mji ambao hakuna aliyekuwa ameiomba roki.

Nimeisikiliza albamu hiyo miaka yangu yote ya kazi na bado sijaimaliza. Wimbo wa kwanza unaanza na gitaa linalotikisika kama bati la paa wakati wa upepo wa Agosti, na kabla hujaamua kama unalipenda, Chiku ameshaingia juu yake, haombi radhi. Wimbo wa nne, "Taa ya Jikoni," una sauti yake na gitaa moja tu. Mwanamke amemwachia taa mtu anayefanya kazi mbali. Halii wala halaumu. Anataja vyakula vinavyopoa mezani, kimoja kimoja, na kufikia mlenda wewe msikilizaji ndiye unayelia. Wa sita, "Reli," ndio ninaowapigia watu wanaosema roki ni ya wageni. Ngoma zake zimeazima mwendo wa muheme, ile ngoma ambayo bibi zetu huibana katikati ya mapaja wakaipiga huku wanacheza, na gitaa linazunguka palepale kama zeze, halitaki kufika popote, mpaka Chiku anapopanda juu kabisa na sauti yake inapasuka. Inapasuka kweli. Wangeweza kurudia. Hawakurudia.

Katika albamu zake za baadaye sauti ni safi kama sahani ya hoteli. Sisemi kwa dharau, sahani safi ni kitu kizuri. Lakini katika Zabibu Mbichi alikuwa hajajua bado nini anakiweza na nini hakiwezi, kwa hiyo alijaribu vyote, na ujasiri huo hauonekani tena mtu akishajua. Nilimweleza Anko Shabir haya Ijumaa ile, na mengine mengi, nikisoma kutoka kwenye karatasi niliyoandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nimesikia mengi, sasa nisikilize tena bila kalamu.

Wiki iliyofuata nilipewa kipindi changu cha kwanza, cha salamu za Jumapili, na kwa furaha ya kijinga nikachagua wimbo wa saba, "Nisubiri." Hapa niwe mwangalifu, kwa kuwa ndipo kazi yangu yote ilipokaa. "Nisubiri" ni wimbo wa taratibu. Beti mbili za kwanza zina wapendanao wawili wanaoagana kituo cha basi na mzigo uliofungwa kamba, na mtu yeyote akizisikia anamwonea huruma Chiku, maana ni wazi anaachwa. Kisha anaimba neno lile, nisubiri, na kila kitu kinasimama. Ngoma, gitaa, sauti. Haufifii polepole kama wimbo unaoisha. Unakuwa kimya kabisa, kwa muda unaotosha kumfanya mtu ainuke akaangalie redio yake.

Muda unaomtosha na Babu pia. Nikiwa nimeketi na hedifoni masikioni, tayari natafuta la kusema, taa ya kijani iligeuka nyekundu na mji mzima ukatoka kwenye kituo cha wapendanao ukaingia kwenye watoto wanaonawa mikono kwa sabuni na maji tiririka.

Simu ya kwanza kupokea katika maisha yangu ya utangazaji ilikuwa ya Mzee Mrisho, fundi cherehani wa Makole, ambaye husikiliza redio yetu akishona tangu asubuhi mpaka anapofunga mlango. Niliinua simu. "Binti," alisema, "huyo mchumba kamwacha mwenzake kwa sababu ya kipindupindu?" Nilisikia wateja wake wakicheka nyuma yake. Tangu siku hiyo tukawa marafiki, yaani yeye alinitania kila Jumapili na mimi nikawa natafakari utani wake mpaka Jumatano.

Baada ya hapo nikaelezwa desturi ya nyumba, ambayo hakuna aliyekuwa ameniambia kwa vile kila mtu alidhani naijua. "Nisubiri" hupigwa mpaka kwenye neno lile, kisha mtangazaji anaufunga na kusoma salamu. Hivyo ndivyo ulivyopigwa kabla yangu na hivyo ndivyo nilivyoupiga nami. Maana yake ni kwamba ubeti wa tatu, ambao unakuja baada ya kimya, haukuwahi kusikika hewani Dodoma. Na ubeti wa tatu ndio unaogeuza kila kitu, kwa sababu ndipo tunapogundua kwamba mwenye mzigo ni Chiku. Haachwi. Ni yeye anayeondoka, na anamwomba anayebaki amsubiri.

Kadiri miaka ilivyokwenda nilipewa Jumapili alasiri, nikaomba iwe saa ya kupiga albamu moja tu tangu mwanzo hadi mwisho, na mkuu wa vipindi, Dada Mwajuma, akakubali kwa shingo upande. Tukaiita Albamu Nzima. Nimepiga humo dansi, taarabu, kwaya, na vijana wa hapahapa waliorekodi kwa simu. Zabibu Mbichi sikuipiga. Ningeiitaje nzima huku nikijua nitaikata?

Kuhusu kimya kile nilikuwa na nadharia nne. Ya kwanza ilikuwa kiangazi chetu, ule wakati wa kutazama mbingu bila kusema. Ya pili na ya tatu zilihusu msiba. Ya nne ilikuwa ndefu na ilitaja reli. Mwaka jana Chiku alikuja mjini kwa onyesho, akapitia studio kwetu kulitangaza, na muda mfupi kabla ya kipindi kuisha, wimbo ukiwa hewani, nikapata ujasiri wa kumuuliza. Nilimpa nadharia zote nne. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Mdogo wangu," alisema, "mpiga gitaa alisahau. Tulikuwa tunarekodi wote pamoja, yeye ndiye wa kutuingiza ubeti wa tatu, akasahau. Sisi tukamsubiri."

Nikauliza kwa nini hawakurudia.

"Tuliposikiliza tukaona palepale aliposahau ndipo wimbo ulipo. Wote walituambia tukate. Ningekata, ningekuwa nimeimba nisubiri na hakuna aliyesubiri."

Kisha akaniuliza kama huwa tunaupiga. Nikamwambia ndiyo, huwa tunaupiga. Akafurahi sana. Nikamsindikiza mpaka kwenye gari huku nikiongea bila kituo kuhusu bei ya zabibu.

Barua ya ajira ya Kongwa ilipofika, Dada Mwajuma aliniita ofisini. Ni mkuu mzuri, mjue hivyo, na hajawahi kumpigia mtu kelele mbele ya wenzake. Alinieleza kwamba saa yangu ya Jumapili inatakiwa kwa uchambuzi wa mpira, juu ya uchambuzi wa mpira tulio nao asubuhi, mchana na jioni. Zuhura, ambaye nilimfundisha mwenyewe na ambaye wengi wenu mtafanya naye kazi, alikuwa ameomba kuirithi Albamu Nzima. Uamuzi ungetokana na kipindi changu cha mwisho. Simu zikija, saa inabaki kwa Zuhura. Zisipokuja, inakwenda kwa mpira. Akapendekeza nipige albamu ya harusini ya Chiku, ambayo hata mawe hupiga simu kuiomba. Nikataja Zabibu Mbichi.

"Upendo, mimi sina ugomvi na Zabibu Mbichi," alisema. "Nina ugomvi na simu isiyolia."

Sasa mnaona chapati yangu ilivyokuwa na pande mbili. Ningepiga ya harusini, Zuhura angepata saa yake bila jasho, lakini angeirithi saa ambayo mimi mwenyewe niliogopa kuitumia. Ningepiga Zabibu Mbichi, nyimbo ambazo hazikuuzika hata dukani kwa akina Anko Shabir, tena na watoto wa kunawa mikono katikati, ningekuwa nimempa mpira saa ya mwenzangu kwa ajili ya moyo wangu. Zuhura aliniambia nipige ninachotaka. Mtu akikuambia hivyo, mzigo unaongezeka. Kisha, kwa wema wake, akatengeneza toleo la "Nisubiri" lililofupishwa kimya, likabaki pumzi moja tu. Lilikuwa limekatwa kwa ustadi, hata mimi sikusikia mshono. Nilimshukuru kwa moyo wote na nikazidi kukosa raha.

Siku ya Ijumaa nilimfuata Anko Shabir chumba cha mitambo, nikamwomba amzime Babu kwa wimbo mmoja. Alikuwa anafagia meza ya sauti ya akiba kwa brashi yake. Akanikumbusha kwamba Babu hazimiki. Nikauliza kama tungeweza kutia kinanda kidogo chini ya kile kimya, kidogo sana, asigundue mtu. Akaacha kufagia.

"Babu haogopi wimbo kunyamaza," alisema. "Anaogopa nyumba tupu. Mwonyeshe kuna mtu."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu kwamba nikifungua maiki yangu pale wimbo unaposimama, Babu atasikia chumba, feni, kiti, mtu anayepumua, na kwake hilo linatosha. Nikauliza nitakuwa nafanya nini wakati huo.

"Hufanyi kitu. Unakaa."

"Na nikikohoa, Anko?"

"Utakuwa umekohoa."

Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi mpya, ambao angalau ulikuwa tofauti na ule wa zamani. Kufungua maiki hewani bila kusema neno ni kitu ambacho sijawahi kumwona mtangazaji akikifanya kwa hiari. Sisi tukifungua maiki tunaongea, kama vile mtu akifungua bomba anavyotarajia maji. Na mimi nilikuwa bomba lisilofungika.

Jumapili nilifika mapema kama siku yangu ya kwanza, nikamsalimia mlinzi kwa kifupi, akashangaa. Nilifagia meza. Kwenye kompyuta nilikuwa nimepanga vyote vitatu: albamu ya harusini, Zabibu Mbichi yenye wimbo uliofupishwa, na Zabibu Mbichi kama ilivyotoka Chang'ombe. Taarifa ya habari ikaisha, jingo letu, kile kiitikio kifupi cha kutambulisha kipindi, likapita, na nikawa bado sijachagua. Nilichokikumbuka ni uso wa Chiku alivyofurahi nilipomwambia huwa tunaupiga. Nikabonyeza ya tatu. Nikawaambia wasikilizaji kwamba hii ni Zabibu Mbichi, ni nzima, na kwamba sitaongea juu yake. Sentensi hiyo ndiyo fupi kuliko zote nilizowahi kusema redioni.

Wimbo wa kwanza ulipita bila simu. "Taa ya Jikoni" ikaleta mbili, moja ya mama wa Chang'ombe aliyetaka kujua mwimbaji ni nani, na alipotajiwa jina akasema hapana, Chiku anamjua. "Reli" ikaleta nyingi kiasi kwamba Zuhura alikuja kukaa mezani kunisaidia kupokea. Dada Mwajuma akasimama nyuma ya kioo, mikono kifuani. Anko Shabir aliingia kimyakimya akakaa karibu na Babu, kama mtu anayekaa na mgonjwa.

Ikaja "Nisubiri." Ubeti wa kwanza, ubeti wa pili, mzigo na kamba. Mkono wangu ulikuwa juu ya kidhibiti cha maiki. Zuhura aliziacha simu ziwake taa zake bila kuzigusa. Chiku akaimba lile neno, na nikafungua.

Nilisikia katika hedifoni kitu ambacho sikuwahi kukisikia miaka yote ile, yaani chumba chetu. Feni ina kijisauti kila inapomaliza mzunguko. Upepo ulikuwa unasukuma dirisha. Kiti cha Anko Shabir kililia kidogo. Nilijisikia nikivuta pumzi, na nikajua kwamba Makole, Chang'ombe mpaka mashamba ya mizabibu nje ya mji, nao wananisikia nikivuta pumzi. Maneno yalinijia, msidhani hayakuja. Nilikuwa na salamu, nilikuwa na shukrani, nilikuwa na habari za shangazi yangu. Nikaziacha zipite. Taa ya Babu ilikuwa ya kijani. Sikukohoa.

Kisha gitaa likarudi, chini kabisa, la mtu aliyekumbuka, na Chiku akaimba ubeti wa tatu juu ya anga ya Dodoma kwa mara ya kwanza.

Nyimbo mbili za mwisho zilipoisha Zuhura alinielekeza kwenye simu moja, akasema huyu amekataa kuongea na mwingine. Sijui bado Dada Mwajuma ataamua nini kuhusu ile saa; alipoondoka kwenye kioo alikuwa anapangusa miwani, na hilo laweza kuwa vumbi. Langu nilikuwa nimeshaliamua nilipobonyeza ile ya tatu. Niliinua simu nikaiweka hewani. Mashine ya kushona ilikuwa imesimama.

"Nimengoja watoto wanawe mikono," alisema Mzee Mrisho. "Hawakunawa. Binti, kumbe ni yeye anayeondoka?"

"Ndiyo, Mzee Mrisho," nikamwambia. "Ni yeye."

Hakuongeza neno, wala mimi sikuongeza. Nikaiacha maiki wazi kidogo, kisha nikaifunga.